Kabla Hujagusa Upande wa Nje: Mwongozo kwa Mwenye Fleti Marekani

Barua ya kwanza niliyopata kutoka kwa chama cha wamiliki wa jengo letu ilihusu mlango. Nilikuwa nimeuagiza Unguja, mlango wa mvule wenye nakshi za maua na njumu za shaba, ukakaa melini na bandarini hata nikaanza kukata tamaa. Ulipofika nilimlipa fundi akautia Jumamosi moja mahali pa mlango wa kuingilia fleti yangu, ghorofa ya tatu, hapa Florida. Majirani walitoka kuutazama, watoto wakazipapasa njumu. Jumanne asubuhi nikakuta bahasha imepenyezwa chini yake: nimebadili sehemu ya nje bila idhini, nirudishe mlango wa zamani ndani ya siku kumi na nne, nisiporudisha nitatozwa faini. Niliisoma nimesimama, mkoba ungali begani. Nyumba nimenunua mimi, mkopo naulipa mimi. Hawa ni nani wa kuniamulia mlango?

Swali hilo nimelisikia tena na tena kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo waliokwishanunua fleti huku Marekani, na karibu kila mara huulizwa baada ya kazi kufanyika, pesa zikiwa zimeshatoka. Naandika haya ili wewe uliulize mapema.

Ulichonunua hasa

Anayenunua nyumba ya kujitegemea hununua kiwanja na vilivyo juu yake. Anayenunua kondominia hununua nafasi iliyo ndani ya kuta, pamoja na fungu lake katika mali ya wote: paa, ngazi, lifti, mabomba makuu, kuta za nje na rangi yake, bustani. Chama cha wamiliki, ambacho wengi wetu tunakiita HOA tu, si serikali ya mtaa wala si baba mwenye nyumba. Ni nyinyi wenyewe mnaomiliki fleti za jengo hilo, mkiwakilishwa na bodi mnayoichagua, na mara nyingi bodi huajiri kampuni ya usimamizi iandike barua na kukusanya ada ya mwezi. Mwenye fleti Kilimani au Upanga ataukuta mpango wa namna hiyo katika sheria ya Kenya ya mwaka 2020 na ile ya Tanzania ya mwaka 2008, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu. Ila huku vyama hivi vina mazoea ya miaka mingi ya kupelekana mahakamani, na mwenye fleti mgeni hana mazoea hayo.

Kati ya kilicho chako na kilicho cha wote kuna kundi la tatu, na humo ndimo ugomvi mwingi unamozaliwa: mali ya pamoja inayotumiwa na mtu mmoja. Roshani, uso wa nje wa mlango, kibaraza cha chini, nafasi ya kuegesha gari, na katika majengo mengine hata madirisha. Roshani unaifunga kwa ufunguo wako, unaifagia wewe, jirani hana ruhusa ya kuikanyaga, na bado hati inaweza kusema ni ya jengo. Kutumia peke yako si kumiliki. Likikaa hilo kichwani, nusu ya barua utakazoandikiwa zitakuwa na maana hata kama hukubaliani nazo.

Mpaka uko wapi? Usimwulize jirani, wala dalali aliyekuuzia. Umeandikwa katika hati kuu ya jengo, ile iliyosajiliwa kaunti, yenye neno Declaration kwenye jalada. Itafute kwenye bahasha uliyopewa siku ya kununua. Kama imepotea, mwombe meneja nakala kwa maandishi au kaitafute katika masjala ya kaunti. Soma kwanza sehemu inayoeleza mipaka ya fleti, kisha ile ya nani anatengeneza nini, kisha ile ya mabadiliko. Ni kurasa chache. Zisome na kalamu mkononi, na kama Kiingereza cha wanasheria kinakuchosha, mkae wawili.

Karatasi hizi zina ukubwa na udogo wake. Juu kabisa iko sheria ya shirikisho, chini yake sheria ya jimbo, kisha hati kuu, kisha katiba ya chama, na mwisho kanuni za nyumba ambazo bodi huweza kuzipitisha yenyewe. Ya chini haiwezi kuipindua ya juu. Meneja akikupa kijitabu cha kanuni na kukwambia kwamba hiyo ndiyo sheria, jua amekupa iliyo ndogo kuliko zote.

Nirudi kwenye mlango wangu. Meneja, mama mmoja mtaratibu, alinishusha stoo ulikokuwa mlango wa zamani. Akaugeuza ukingo wenye bawaba ukatazama juu, akaanza kukwangua rangi kwa ufunguo. Chini ya tabaka za rangi nyeupe kikatokea kisahani cha chuma, urefu wake hauzidi kidole, kimeandikwa muda ambao mlango ule unaweza kuuzuia moto: dakika 20. Bawaba zake zilikuwa na springi ndani, ili mlango ujifunge wenyewe mtu anapotoka mbio na kuusahau. Ukumbi wetu ndiyo njia ya kutokea ya familia zote za ghorofa ile. Moto ukizuka kwangu, mlango huo ndio unaowapa wenzangu muda wa kupita. Mlango wa Kizanzibari, kwa uzuri wake wote, una mabawa mawili yanayokutana kwenye mfaa, na ukiuacha wazi hubaki wazi. Nilikuwa nimening'iniza nakshi mahali palipohitaji ngao.

Ningeuliza kwanza, ningeambiwa hayo kabla ya kutoa hata dola moja. Lakini na wao walikosea: barua yao haikutaja kifungu chochote cha hati, wala haikunieleza kwamba nina haki ya kusikilizwa kabla faini haijatozwa. Niliwaandikia hayo mawili kwa adabu, nikarudisha mlango wa zamani siku ya nane, na faini haikutozwa. Wa mvule uko leo kati ya sebule na chumba cha kulala, na huko ndani hakuna mwenye neno nao.

Vitu vidogo vinavyoleta barua

Wengi hudhani badiliko la nje ni kubomoa ukuta. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya Florida, katika kesi ya jengo liitwalo Sterling Village ambako ugomvi ulikuwa juu ya wavu wa kibaraza uliobadilishwa kuwa vioo, ilieleza kwamba badiliko zito ni lile linaloonekana wazi kugeuza umbo, sehemu au vipimo vya jengo kiasi cha kuathiri kazi yake, matumizi yake au sura yake. Neno la mwisho ndilo la kushika: sura. Wavu kuwa kioo. Taa ya mlangoni ya mtindo mwingine. Kengele yenye kamera. Kiyoyozi kinachochungulia dirishani. Pazia: majengo mengi hutaka upande unaotazama barabara uwe mweupe au rangi ya maziwa, kwa hiyo kitenge kizuri dirishani kitiwe bitana nyeupe nyuma yake na mambo yameisha.

Sheria ya Florida inasema badiliko zito katika mali ya pamoja lifuate utaratibu ulio kwenye hati kuu, na kama hati iko kimya, ni lazima asilimia 75 ya kura zote za wamiliki ziidhinishe kabla ya kazi kuanza. Zingatia hapo: kabla ya kuanza. Maana yake hata mwenyekiti wa bodi, akiwa rafiki yako na mnakula pamoja, huenda hana uwezo wa kukuruhusu peke yake.

Nguo za kuanika ni jambo linalotugusa sana. Florida ina sheria inayolinda kamba za kuanikia nguo, kwa kuwa jua ni nishati isiyokwisha, lakini sheria hiyohiyo inatoa nje reli za vibaraza vya kondominia. California nayo inalinda kamba iliyo kwenye ua unaoutumia peke yako, na inasema wazi kwamba roshani na reli yake si kamba. Kwa hiyo usitandaze kanga relini ukidai una haki. Nunua kianikio cha kusimama, kiwe kifupi kuliko ukuta au reli ya roshani, na bado angalia kanuni zinasemaje.

Viatu pia. Kwetu kuvua viatu nje ya mlango ni adabu, na wageni kumi wa Idi huacha jozi kumi ukumbini. Huku ukumbi ni njia ya kukimbilia moto, na rafu ya viatu huhesabiwa kizuizi. Iweke upande wa ndani, mkabala na mlango, na waambie wageni mapema ili asione mtu kwamba umemdharau.

Roshani na maji

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo mwenye fleti mwema anapoweza kuleta madhara asiyoyakusudia. Sakafu ya roshani ni ya saruji ghafi au mbao, haipendezi, na fundi yuko tayari kuja Jumapili kuweka vigae. Chini ya uso huo kuna utando wa kuzuia maji, na sakafu imeinamishwa kidogo sana ili mvua ikimbilie nje. Vigae vikiwekwa juu, mwinamo unaweza kupotea, maji yakakaa chini ya gundi, yakatafuta tundu. Skrubu moja ya kufunga kivuli au ndoano ya kiti cha kuning'inia, iliyopigwa kwa keekee bila kuzibwa, ni tundu la kutosha. Huoni kitu mwaka wa kwanza, wala wa pili. Katika mbao, maji huozesha. Katika zege, hufika kwenye nondo, nondo ikashika kutu na kuvimba, zege likapasuka kutoka ndani.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 2015, huko Berkeley, California, roshani ya jengo la fleti ilikatika na kuanguka, wanafunzi sita wakafa. Mbao zilizoishikilia zilikuwa zimeoza kwa unyevu ulionaswa ndani yake. Jimbo lilitunga sheria baada ya hapo, na ile ya mwaka 2019 inavitaka vyama vya kondominia kukagua roshani na ngazi za nje zinazoshikiliwa na mbao kila miaka tisa, ukaguzi wa kwanza uwe umefanyika kabla ya kuingia 2025. Florida ilipata msiba wake tarehe 24 Juni 2021, pale sehemu ya jengo la Champlain Towers South huko Surfside ilipoanguka na kuua watu 98. Mwaka uliofuata jimbo lililazimisha ukaguzi wa uimara kwa majengo makongwe ya ghorofa tatu na zaidi. Bodi nyingi zimekuwa kali kuhusu kutoboa na kuweka vigae tangu hapo, na mimi siwalaumu. Ukitaka sakafu nzuri ya roshani, uliza kuhusu vipande vya mbao au plastiki vinavyopangwa tu bila gundi, vyenye miguu inayoacha maji yapite chini, na ambavyo mkaguzi akija vinaondolewa kwa mkono.

Palipo na sheria upande wako

Chama hakina neno la mwisho katika kila kitu. Tuanze na dishi, kwa kuwa wazee wengi hawawezi kukaa bila taarifa ya habari ya nyumbani. Tangu Oktoba 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ina kanuni inayokataza vyama vya wamiliki kuzuia dishi lenye kipenyo kisichozidi mita moja likiwekwa mahali unapopatumia peke yako, kama vile roshani. Hawawezi kukuchelewesha bila sababu ya maana, wala kukuongezea gharama isiyo ya lazima, wala kukulazimisha uliweke pasipo na mawimbi. Wanaweza kuweka masharti ya usalama na ya kulinda majengo ya kihistoria. Lakini angalia mipaka yake: paa na ukuta wa nje ni vya wote, haki hiyo haivifiki. Dishi likichomoza nje ya reli, limetoka kwenye ulinzi. Na kutoboa ukuta wa nje ili upitishe waya, chama kinaweza kukukatalia. Dishi lifungwe kwenye mguu mzito unaosimama sakafuni, waya upite mlangoni kwa ule wa bapa unaopita chini ya fremu, na barua ya kupiga marufuku madishi haina la kukufanya.

Bendera: sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2006 inamlinda mkazi anayetundika bendera ya Marekani mahali anapopatumia peke yake, kwa masharti ya kiasi kuhusu muda, mahali na namna. Bendera ya Kenya au ya Tanzania siku ya uhuru haimo katika sheria hiyo. Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya Desemba, na ukiona wengine wamepeperusha za kwao bila kuguswa, hilo litaje katika ombi lako.

Mlemavu, au mzee anayehitaji mshikio ukutani, mteremko wa kiti cha magurudumu, au mlango mpana zaidi, analindwa na sheria ya shirikisho ya haki katika makazi, ambayo mwaka 1988 iliongezwa vifungu vya walemavu. Chama kinatakiwa kukubali marekebisho ya kiasi, hata katika sehemu za pamoja, ingawa kwa kawaida gharama ni ya anayeomba. Sheria hiyohiyo inakataza kubaguliwa kwa dini, rangi au asili ya taifa. Ukiamini kwamba kanuni inakuangukia wewe tu kwa sababu ya unakotoka, una mwaka mmoja wa kulalamika kwenye wizara ya makazi ya shirikisho.

Florida ina mawili zaidi yanayotufaa. Bodi ni lazima iwe na vipimo vyake vya vizuizi vya kimbunga, na haiwezi kukukatalia ukiweka vinavyolingana na vipimo hivyo. Na haiwezi kumnyima mtu ruhusa ya kuweka kwenye fremu ya mlango wake kitu cha dini kisichozidi inchi 3 kwa upana, 6 kwa urefu na 1.5 kwa unene. Wayahudi wanaifahamu vizuri kwa ajili ya mezuza yao. Wewe unayetaka kibao kidogo cha Ayatul Kursi au msalaba mlangoni, ni haki yako pia, ila pima kwanza.

Namna ya kuomba

Ombi zuri halina maneno mengi. Lina picha ya mahali palivyo sasa, mchoro wenye vipimo, jina la kifaa na rangi yake kama ilivyo kwenye orodha ya kiwandani, maana neno "kahawia" peke yake lina rangi mia. Lina jina la fundi mwenye leseni pamoja na cheti cha bima yake. Linasema kazi itaanza lini na kuisha lini. Na linasema jambo ambalo wengi hulisahau: nani atagharimia matunzo ya kitu hicho baadaye, na nani atakiondoa na kukirudisha siku jengo likipakwa rangi. Ukijitolea hilo la mwisho mwenyewe, umewaondolea hofu kubwa, kwa sababu bodi hufikiria miaka kumi ijayo, wakati wewe huenda umeshauza.

Tuma kwa barua pepe, na nyingine kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa. Andika tarehe. Katika hati kuu kuna muda waliojiwekea wa kujibu, na kuna jengo ambalo bodi ikinyamaza mpaka muda upite ombi huhesabiwa limekubaliwa, na kuna jengo ambalo kimya maana yake ni hapana. Usikisie, soma. Kibali cha ujenzi cha mji hakichukui nafasi ya idhini ya chama, wala idhini ya chama haichukui nafasi ya kibali cha mji. Kazi nyingine huhitaji vyote viwili.

Kisha nakuomba jambo moja kwa msisitizo wote nilio nao: usianze kazi kwa neno la mdomo. Nimemwona jirani, mtu mwungwana kabisa, aliyeambiwa "hakuna shida" na meneja wakiwa kwenye lifti. Akabadilisha madirisha mawili. Meneja yule akaacha kazi, akaja mwingine, na ndani ya faili hamkuwa na hata mstari mmoja. Kwetu neno la mtu ni dhamana, na mwenye kudai karatasi huonekana hamwamini mwenzake. Huku karatasi ndiyo heshima yenyewe. Ukishaambiwa ndiyo kwenye lifti, panda juu, andika barua pepe ya mistari miwili: "Nashukuru kwa kunikubalia leo kuhusu madirisha ya fleti yangu, naomba unithibitishie kwa maandishi kabla sijamwita fundi." Jibu litakalorudi ndilo ruhusa yako.

Wakikukatalia, au wakikuandikia

Ukikataliwa, uliza sababu. California inailazimu bodi itoe uamuzi kwa nia njema na bila uonevu, kwa maandishi, na kama ni hapana, ieleze kwa nini na ikuonyeshe njia ya kuomba upya mbele ya bodi katika kikao cha wazi. Hata katika majimbo yasiyosema hivyo waziwazi, kuuliza sababu kwa maandishi hufungua mlango wa maelewano. Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko ulivyodhani: rangi ni nyeusi mno, kelele ya mashine iko karibu na chumba cha mtoto wa jirani. Rekebisha hilo moja, peleka tena.

Ukiandikiwa barua ya kosa, usiitupe na usipige simu ukiwa na hasira. Angalia wametaja kifungu gani, kisha kisome mwenyewe. Piga picha za mahali palivyo siku hiyo. Jibu kabla siku hazijaisha, hata kama jibu ni kuomba muda tu, na omba kusikilizwa. Florida inataka upewe taarifa ya maandishi siku 14 kabla ya kutozwa faini, na usikilizwe na kamati ya watu wasiopungua watatu wasio wajumbe wa bodi wala jamaa zao wa karibu. Kamati ikikataa, faini haipo. Faini yenyewe haizidi dola 100 kwa kosa, na kosa linaloendelea huweza kuhesabiwa kila siku mpaka dola 1,000, lakini haigeuki kuwa deni linaloishika fleti yako. Kikaoni nenda umevaa vizuri, ufike mapema, uzungumze dakika tano, uwaachie nakala za picha zako. Kama Kiingereza chako kinakimbia ukiwa na wasiwasi, andika maneno yako na uyasome.

Hoja yenye nguvu kuliko zote, pale inapokuwa kweli, ni kwamba kanuni haitumiki sawa kwa wote. Mahakama ya Juu Kabisa ya Florida iliitazama hoja hiyo mwaka 1979 katika kesi ya jengo la White Egret: kanuni yenyewe ilionekana ya haki, lakini chama hakikuweza kuitumia kwa mmoja baada ya kuwaachia wengine. Ila hapa pana uzito wa ujirani. Ukipeleka picha za roshani za watu kumi, umewashitaki kumi ili ujiokoe. Mimi ningeanza na kumbukumbu za vikao vya bodi, ambazo mmiliki ana haki ya kuziona, nikatafuta maombi yaliyokubaliwa ya aina kama yangu. Hayo yameshaidhinishwa, hayamdhuru mtu, na yanaonyesha kwamba bodi imeshawahi kusema ndiyo.

Mkishindwa kuelewana, bado mahakama si hatua inayofuata. California inakupa haki ya kuitisha mazungumzo ya kukutana na chama bila kutozwa ada, na chama hakiruhusiwi kukataa. Florida inataka ugomvi wa namna hii upite kwanza kwa msuluhishi au kwa mwamuzi wa jimbo. Nenda ukiwa umejiuliza ni kipi unachoweza kukiachia. Katika majimbo hayo mawili aliyeshindwa mahakamani mara nyingi hubebeshwa gharama za wakili wa mwenzake, na gharama hizo huweza kuzidi kwa mbali thamani ya dirisha au taa mnayoigombania. Lipia saa moja ya wakili anayejua sheria za kondominia, mwonyeshe hati kuu na barua zote, kisha msikilize hata akikwambia usilotaka kusikia.

Na ugomvi ukiwa moto namna gani, usisimamishe ada ya mwezi. Najua inavyouma kuwalipa watu mnaovutana. Lakini ada ni deni la namna nyingine, na tofauti na ile faini, huweza kuishika fleti mpaka ikauzwa. Nimezungumza na mama aliyekuwa na haki kabisa kuhusu wavu wa dirisha, akaacha kulipa miezi minane ili wamsikilize. Kesi ya wavu ikasahauliwa, na kuanzia hapo chama kikawa kinamdai fleti.

Kila karatasi, kuanzia ombi hadi idhini, risiti ya fundi na picha za mwisho, iingie kwenye faili moja pamoja na hati ya kununulia. Siku utakapouza, mnunuzi ataomba cheti kutoka kwa chama, na fomu ya Florida inauliza wazi kama kuna kosa lolote la kanuni ambalo halijafungwa kwenye fleti hiyo. Wiki mbili kabla ya kuitangaza, mwandikie meneja umwombe uone faili lao, ulinganishe na lako, na kama kuna barua ya zamani iliyobaki wazi kwa uzembe tu, waombe waifunge kwa maandishi. Idhini ya kila ulichokiweka nje mpe mnunuzi nakala yake, maana bodi ya wakati huo huenda itamwandikia yeye.